Nani Anaachwa

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu akafungua chupa ya mafuta ya kukinga jua, akajipaka kidogo nyuma ya kiganja, akanusa. Harufu ile ya nazi iliyochanganyika na kitu mfano wa plastiki mpya ilinifikia, na papo hapo nikawa tena mtoto anayesikia sauti zinapanda chumba cha pili. Najua wengine harufu hiyo inawakumbusha mchanga na mapumziko. Mimi inanirudisha kwenye ukumbi wa nyumba yetu Deira, hapa Dubai, masanduku mawili yameachama katikati ya zulia, na watu wazima wanapishana bila ya kutazamana.

Nyinyi wa rika langu mliokulia hapa mnazikumbuka zama zile. Barabara ya Al Rigga ilikuwa imechimbwa mwanzo hadi mwisho kwa ajili ya treni. Tukipita pembezoni mwa mabati tukiwa tumeziba pua, na vumbi lilikuwa halimwogopi mtu wala dirisha lililofungwa. Sisi tulikaa ghorofa ya tatu ya jengo lililokuwa nyuma yake: Baba na Mama, mimi, mdogo wangu Nassor, na Bibi, mama yake Baba. Baba alikuwa karani wa mizigo bandari ya Jebel Ali, akitoka hatujaamka na kurudi tumeshakula. Mama, kama tulivyoandika skuli tulipoulizwa, alikuwa hana kazi. Asubuhi ya huyo asiye na kazi ilianza kwa kumwamsha Bibi, kumshika mkono mpaka msalani, kumwogesha, kumkanda miguu iliyokuwa imekakamaa, kumpikia uji wake usio na sukari, na baada ya hapo ndiyo siku ikaanza. Bibi alikuwa akili zake timamu na ulimi wake mkali, ila miguu na masikio ndiyo yaliyokuwa yamechoka. Hivyo ndivyo tulivyoamini kuhusu masikio.

Safari ilitokana na bango. Kwenye dirisha la ofisi moja ya tiketi pale Al Rigga palikuwa na picha kubwa ya ufukwe wa Antalya, Uturuki: maji ya buluu, mwavuli mweupe, na mwanamke amelala chini yake, kofia imemfunika uso. Kila tukirudi sokoni Mama alisimama pale na mifuko yake mkononi, akatazama. Siku moja Baba alikuwa nasi, akacheka.

"Bahari si tunayo hapa hapa? Mtu atoke Dubai akafuate bahari?"

"Sitaki bahari," Mama alimjibu. "Nnataka kulala kama yule."

Sijui ni lile jibu au ni namna alivyolisema, lakini kabla ya likizo ya skuli Baba alirudi na tiketi. Ilipangwa hivi: sisi wanne tungekwenda Antalya wiki moja, na Bibi angekaa Sharjah kwa Ami Seif, mdogo wake Baba. Mama alianza kufunga mizigo siku nyingi kabla. Alikuwa akikunja nguo huku akiimba chini chini, kitu ambacho kilinishangaza, maana sikujua kuwa ana sauti. Alinunua chupa ya yale mafuta. Bibi akaomba aoneshwe, akainusa, akairudisha kama mtu anayerudisha maziwa yaliyoharibika.

"Jua la huko lina nini hata lipakiwe dawa?" aliuliza. "Sie jua limetupika toka tumezaliwa na hatujaiva bado."

Mama alicheka. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka kwa siku kadhaa.

Hapa lazima nieleze jambo moja, kwa sababu bila ya hilo hamtafahamu kwa nini niliogopa vile. Kwenye mlango uliotazamana na wetu alikuwa akikaa Bi Zuhura, mwanamke mchangamfu aliyetugawia visheti kila Ijumaa. Wiki chache kabla ya safari niliona wanaume wawili wanateremsha masanduku yake kwenye lifti, na yeye nyuma yao, macho yamevimba, hakuniangalia. Nilipomwuliza Mama anakwenda wapi, alinivuta ndani, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini, "Kaachwa." Hakuongeza neno. Nilikuwa na umri wa kujua kwamba kuachwa ni kitu mume anamfanyia mke kwa maneno tu, na baada ya maneno hayo yanatoka masanduku. Kichwani mwangu hivyo viwili vikafungana: neno lile na masanduku yale. Na masanduku ya Bi Zuhura yalikuwa meusi, ya magurudumu, sawasawa na yetu.

Siku moja kabla ya safari, asubuhi, Baba akiwa ameshaanza likizo yake, simu ya Ami Seif ikaja. Mimi na Bibi tulikuwa tumekaa kwenye ujia, karibu na mlango wa jiko, ungo wa mchele uko mapajani mwake. Bibi alikuwa akichambua mchele kwa vidole, si kwa macho, nami nikimwondolea mawe ambayo vidole vimeyakosa. Baba alizungumza kwa simu, kisha akaingia jikoni alikokuwa Mama, akausogeza mlango bila ya kuufunga. Nani angejali? Kulikuwa na mtoto tu na kizee kisichosikia.

"Seif kasema wanawe wote wamepata tetekuwanga," Baba alisema. "Hawezi kumchukua."

"Basi?"

"Basi ndo' hivo."

Nilisikia sufuria inawekwa chini, polepole sana.

"Bi Salama wa chini keshanambia, ikitokea dharura atamtazama," Mama alisema. "Wiki moja tu. Mwache kwa jirani, tutarudi tutamkuta."

"Siwezi kumwacha."

"Huwezi."

"Mtu haachwi hivo, Rukia. Mama yangu huyo."

Kisha Mama akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyekaa chini baada ya kutembea mbali: "Basi niache mimi. Ikiwa hapana budi mtu aachwe, niache mimi, nende zangu."

Vidole vya Bibi vilisimama juu ya mchele. Halafu vikaendelea. Nilimtazama usoni, sikuona kitu, nikajiambia alhamdulillahi hakusikia. Mama yangu ameomba kuachwa. Masanduku yako ukumbini. Kila kitu kilikuwa kimejipanga kama kwa Bi Zuhura, na nikaelewa, kwa uhakika wa mtoto ambao hauna mfano, kwamba Antalya ilikuwa jina la mahali wanapopelekwa wanawake walioachwa.

Mchana ulikuwa mrefu. Baba alitoka kwenda kununua kufuli la sanduku, akarudi na kufuli lisilotosha, akatoka tena. Hakuna aliyesema safari imevunjika na hakuna aliyesema ipo. Mama aliendelea kufunga mizigo, lakini wimbo ulikuwa umekwisha. Alikunja fulana za Nassor kwa nguvu kana kwamba anazikamua. Aliweka viatu ndani ya mifuko ya plastiki, mifuko pembeni, chupa ya mafuta akaiviringishia taulo. Nilikaa juu ya kochi nikimhesabia nguo zake mwenyewe moyoni. Nilitaka kujua anachukua ngapi. Nilifikiri mtu anayekwenda wiki moja anachukua chache, na anayekwenda moja kwa moja anachukua zote, na sikujua chache zinaishia wapi. Akatia baibui la pili, nikashtuka. Akatia sweta, na ilikuwa ni kiangazi, nikataka kulia.

"Una nini wewe?" aliniuliza.

"Sina kitu."

"Basi nenda katazame Bibi yako kama kaamka."

Nilikwenda. Mlango wa Bibi ulikuwa umefungwa, na tulifundishwa tusiusumbue usingizi wake wa mchana. Nikarudi nikasema bado amelala.

Ilikuwa baada ya Alasiri, tulipokwisha kutoka chumbani kusali, Mama alipofungua kabati la vyombo kuchukua pasipoti. Zilikaa humo daima, ndani ya mfuko wa nailoni, nyuma ya birika la kahawa lisilotumika. Aliliondoa birika. Akaondoa vikombe. Akapiga magoti, akaingiza mkono mpaka bega.

"Umezichukua wewe pasipoti?" alimwuliza Baba, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia na kufuli la pili.

"Mimi nizichukue n'zipeleke wapi?"

"Zilikuwa hapa. Nimeziweka kwa mkono wangu."

"Basi mkono wako utajua zilipo."

Ningependa kusema kwamba walizitafuta. Waliyapindua masanduku. Nguo zote zile zilizokunjwa siku nyingi zilitoka, zikatandaa juu ya zulia: fulana, kanzu, sweta, taulo, na chupa ile ikabiringika ikafunguka, mafuta yakamwagika, na nyumba nzima ikajaa harufu ya nazi. Baba alipekua mifuko ya suruali zake. Mama alimwuliza Nassor kwa upole, kisha si kwa upole, na Nassor akaanza kulia. Baba akasema labda zimesahauliwa kwenye gari, akatoka kwenda uwanja wa magari ulio nyuma ya jengo. Alipopita mlangoni niliona shati lake limemganda mgongoni kwa jasho.

Nami katikati ya yote hayo nilikuwa na furaha iliyonitia hofu. Bila pasipoti Mama hawezi kwenda popote. Niliomba kimoyomoyo zisionekane.

Ndipo simu ya ndani ya jengo ikalia. Alikuwa Wafula, Mkenya aliyekuwa mlinzi wa mlangoni, kijana mrefu aliyependa kunisalimia kwa Kiswahili chake cha kwao kinachokwenda mbio. Sauti yake ilisikika hata pale nilipokuwa.

"Madam, pole kusumbua. Kuna shida kidogo huku chini. Shosho yenu amekaa kwa mlango na hataki watu watoke."

Mama aliutazama mlango wa chumba cha Bibi. Akaufungua. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, mkongojo haupo.

Hatukungoja lifti. Mama alishuka ngazi na kanga ya nyumbani, Nassor kifuani, mimi nyuma yao. Bibi, ambaye kwa miezi hakuwahi kutoka nje ya nyumba bila ya kushikwa pande zote mbili, alikuwa amekaa kwenye kiti cha Wafula, katikati kabisa ya mlango wa kioo, amevaa baibui lake la kutokea. Mkongojo ameulaza mapajani, ncha huku na ncha huku, kama komeo. Mwanamume wa Kihindi wa ghorofa ya pili alikuwa amesimama na mkoba wake wa kazi, hajui afanye nini.

"Nimemwambia azunguke na mlango wa nyuma," Wafula alisema. "Shosho anasema yeye anangoja watu wake. Anasema atakayetoka lazima amwone."

"Mama," alisema Mama yangu, akihema. "Unafanya nini hapa?"

"Nimekaa."

"Umeteremka vipi peke yako?"

"Kwa miguu. Miguu ikitaka inakwenda." Kisha Bibi akajigusa kiunoni, pale anapofungia kanga ya ndani. "Hivyo mnavyovitafuta ninavyo mie. Bila ya hivi hamwendi. Na msipokwenda, hapana wa kuachwa."

Neno lile lile. Kumbe alisikia, na kumbe yeye pia alikuwa akiliogopa, ila sikuelewa kwa nini, maana Bibi hakuwa na mume wa kumwacha. Babu alikufa sijazaliwa.

Mama alimweka Nassor chini. Nilidhani atapiga kelele. Alikuwa na haki, hata mimi niliona. Lakini alisema tu, kwa uchovu, "Ni wiki moja, Mama. Bi Salama unamjua. Ni jirani."

"Hata Bi Mgeni alikuwa jirani," Bibi alisema.

Hakuna aliyemjua Bi Mgeni. Mama alisema hivyo, na Bibi akaanza kueleza, akimtazama yule mwanamume wa Kihindi kana kwamba ndiye aliyemwuliza. Alisema ule mwaka wa vurugu Unguja, yeye alikuwa mwari tu, hajaolewa. Baba yao alikuja mchana akasema fungeni mizigo, tunakwenda kutembea, siku tatu, mambo yakitulia tutarudi. Kila mtu akafunga kijisanduku. Mdogo wake, Raya, alikuwa na surua. Mwili wote umemtutuka, homa haishuki, na melini hawapokei mtoto mwenye surua. Mama yao akampeleka nyumba ya pili kwa Bi Mgeni, akamlaza kwenye kitanda cha kamba, akamwambia siku tatu tu, mwanangu, tutarudi tutakukuta.

"Alikuwa hawezi kulia," Bibi alisema. "Surua imemkausha. Alinishika kidole hiki akanambia, na mie nende kutembea. Nikamwambia utakwenda ukipona."

Wafula alikuwa ameinamisha kichwa.

"Kisha?" Mama aliuliza.

"Kisha nini? Hatukurudi. Tulipopata mtu wa kumtuma, nyumba ya Bi Mgeni ilikuwa na watu wengine. Wengine walisema kahamia bara na mtoto. Wengine walisema kahama peke yake. Mpaka leo sijui surua ile ilimwisha ama ilimmaliza." Aliuinua mkongojo kidogo, akauweka tena. "Kwa jirani. Wiki moja. Nimesikia kwa masikio yangu haya mnayosema yamekufa."

Mama alikaa chini. Alikaa pale pale kwenye sakafu ya marumaru, na kanga yake ya nyumbani, mbele ya watu, jambo ambalo Mama yangu asingelifanya hata kwa fimbo.

"Miaka yote hii nakaa na wewe," alisema. "Hukuwahi kunambia."

"Hukuwahi kukaa ukaniuliza."

"Nilikuwa nakupikia. Nilikuwa nakuogesha, Mama. Nilikuwa sina pa kukaa."

Maneno hayo yalimfika Bibi. Nilimwona akimtazama mkamwana wake, akamtazama hasa, kuanzia nywele ambazo siku ile hazikuchanwa hadi mikono iliyotutumka kwa sabuni. Ilikuwa kama mtu anayetazama chumba alichokaa siku zote na leo taa imewashwa. Mwanamume wa Kihindi aliukumbatia mkoba wake, akatoka taratibu kwa mlango wa nyuma.

Bibi aliingiza mkono kiunoni, akafungua fundo. Alitoa ule mfuko wa nailoni. Alizichambua pasipoti kwa vidole, akizifungua na kuzisogeza karibu na macho mpaka pua inagusa picha. Yangu akampa Mama. Ya Nassor akampa Mama. Ya Mama akaishika kidogo, kisha nayo akampa. Iliyobaki akairudisha kiunoni na kufunga fundo upya.

"Wewe nenda," alisema. "Nenda na wanao ukapumzike. Mie mwanangu nibakishie."

Wakati huo huo Baba akatokea kutoka uwanja wa magari, mikono imejaa vumbi la chini ya viti. Alimwona mama yake kwenye kiti cha mlinzi, mkewe sakafuni, pasipoti mkononi mwake.

"Zimeonekana!" alisema. Kisha akahesabu kwa macho. "Na yangu?"

"Wewe hwendi," Mama alisema.

"Vipi siendi?"

"Unabaki na mama yako."

"Rukia, mie hata uji wake siujui..."

"Utaujua." Mama aliinuka, akajipangusa kanga. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Umesema huwezi kumwacha. Umesema kweli. Basi usimwache. Khalas."

Baba alimtazama Bibi kama mtoto anayetaka kutetewa. Bibi alikuwa anamwambia Wafula kiti chake kina kelele, atafute kingine.

Tulirudi juu. Kama mnadhani hapo moyo wangu ulitua, hamkuwahi kuwa watoto. Kwa sababu sasa Mama alipiga magoti mbele ya masanduku yale, akaanza kufunga mizigo upya, na kila aliposhika shati la Baba aliliweka upande. Mashati yake, suruali zake, kanzu yake ya Ijumaa, ndala zake. Alizichukua zote kwa mkumbo mmoja, akazirudisha kabatini, akalifunga kabati. Masanduku mawili yakawa moja. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na mkononi nina soksi za Baba ambazo zilikuwa zimeanguka. Sikumpa. Nilizifinya mpaka vidole vikauma. Hivi ndivyo inavyokuwa, nilijiambia. Wanatenganisha nguo.

Asubuhi Baba aliteremsha sanduku mwenyewe. Alimbusu Nassor, akanibusu mimi, akasimama mbele ya Mama na mikono yake haikujua iende wapi. "Dawa nyeupe ni kabla ya kula," Mama alimwambia kutoka ndani ya teksi. "Ya manjano baada ya kula. Usizigeuze." Ndiyo maagano waliyoagana. Teksi ikaondoka, nikageuka nyuma, nikamwona kasimama kando ya mabati ya barabarani, bado na nguo za kulalia.

Nilivumilia mpaka uwanja wa ndege. Tulikuwa tumekaa tukingoja kuitwa, Nassor amelala juu ya mkoba, nami sikuweza tena.

"Mama. Baba kakuacha?"

Aligeuka. "Nani kakwambia?"

"Wewe. Umesema jikoni, niache mimi. Kama Bi Zuhura."

Niliona uso wake unapita mambo mengi, na nilijiandaa kwa lile baya kuliko yote. Badala yake alianza kucheka. Alicheka bila sauti, mabega yanatikisika, akavuta mtandio akajifunika uso, na alipoufunua macho yalikuwa yamelowa, na mpaka leo sijui ni cheko gani hicho na kilikuwa kimechanganyika na nini.

"Baba yako hajaniacha," alisema. "Mie ndo' n'liemwacha. Wiki moja. Na akome."

Kuhusu Antalya nina machache ya kusema. Maji yalikuwa ya baridi kuliko yetu na yalikuwa na chumvi ileile. Kulikuwa na miti ya komamanga na harufu ya misonobari jioni. Mama aliingia baharini mara moja na nguo zake, mpaka magotini, akatoka. Siku zilizobaki alilala. Alilala kwenye kiti cha ufukweni, kwenye kochi la hoteli, kwenye basi. Nilikuwa nikimkaribia kutazama kama anapumua. Baba alipiga simu kila siku, na Mama akimjibu macho kayafumba: chumvi iko kabati la juu, mshike kwapani, usimshike mkono, hapana, hasemi kweli, uji wake hautiwi sukari. Mimi nilidhani Baba anampenda sana sasa, na pengine hilo sikukosea.

Tuliporudi, nyumba ilinuka dawa ya kufulia na wali ulioungua. Bibi alikuwa ukumbini. Alitushika vichwa mmoja mmoja, Nassor, mimi, kisha akamwita Mama ainame, akamshika na yeye, akakiacha kiganja chake pale kwa muda. Alitaja majina yetu. Baada ya majina yetu akataja jina la Raya, taratibu, kama mtu anayelijaribu mdomoni, na hakuna aliyemkatiza.

Baba alitoka jikoni. Alikuwa amekonda, ndevu hazikunyolewa, na kwenye mkono wake wa kulia palikuwa na alama nyekundu ya mvuke. Alisimama mbele ya Mama.

"Sikujua," alisema.

Nilidhani anazungumzia wali. Mama aliutazama ule mkono, akauchukua, akaugeuza huku na huku.

"Najua hukujua," alimjibu. Na alikwenda kutafuta asali ya kumpaka.

Bibi aliishi nasi miaka mingine kadhaa, na hapakuwa tena na likizo ya namna ile. Hatukupata kumjua Raya alikoishia. Baba aliulizia kwa watu wa Unguja, Tanga, Dar es Salaam, akapewa majina ya Raya wengine. Lakini Ijumaa iliyofuata kurudi kwetu, baada ya chakula cha mchana, Baba alikunja mikono ya kanzu, akamwandalia mama yake beseni la maji ya vuguvugu, akakaa chini kumkanda miguu, vibaya, na Bibi akimkosoa kwa kila kidole. Mama alisimama akiwatazama. Halafu alikwenda kuvaa baibui lake.

"Unakwenda wapi?" Baba alimwuliza.

"Popote," alisema, akatoka.

Nilikimbilia dirishani. Nilimwona anatokea chini, anaivuka njia, anaingia Al Rigga kando ya mabati. Alikuwa akitembea polepole, anasimama penye duka, anatazama, anaendelea. Kulikuwa na kitu katika mwendo wake nilichoshindwa kukijua mpaka alipokaribia kupotea kwenye kona. Mikono yake ilikuwa mitupu. Maisha yangu yote sikuwahi kumwona Mama akitembea bila ya kubeba kitu.